Jinsi ya kufuatilia koti la sukari la mbegu ya kiume kabla haijalifikia yai

Kwenye friji letu la kemikali kuna trei ya vichupa vidogo vya rangi ya kahawia. Kimoja kimetokana na njegere, cha pili na karanga, cha tatu na kiini cha punje ya ngano, cha nne na uyoga mweupe, ule unaouzwa supamaketi. Kila kichupa kina lektini, yaani protini inayochagua sukari ya aina fulani na kuing'ang'ania. Lektini ya njegere (PSA) hukamata manosi. Ya karanga (PNA) hukamata galaktosi iliyoungana na sukari jirani kwa namna maalumu. Ya ngano (WGA) hukamata asidi ya sialiki na pia N-asetiliglukosamini. Ukizibandika rangi ya FITC inayong'aa kijani, zinakuwa tochi: palipo na sukari yake, panawaka.

Elimu hii ilianzia kwenye mbarika. Mwaka 1888, Hermann Stillmark, mwanafunzi wa udaktari huko Dorpat (leo Tartu, nchini Estonia), alionesha kwamba dondoo ya mbegu za mbarika hushikamanisha chembe nyekundu za damu. Jina lektini lilikuja baadaye sana, mwaka 1954. Leo dondoo za aina hiyo ndizo zinazotuwezesha kuona mbegu ya kiume inavyobadilisha vazi lake njiani.

Mwongozo huu ni wa mteknolojia wa maabara, au mwanafunzi wa baiolojia ya uzazi, ambaye tayari anajua kupima manii kwa kawaida na anataka kuona kile ambacho kipimo cha kawaida hakioni. Kupaka rangi si kazi ngumu. Ugumu uko kwenye kuushuku mwanga unaouona, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Kwanza, ujue unachokitafuta

Mbegu ya kiume imefunikwa na koti la sukari, glaikokaliksi, lenye unene wa takriban nanomita 20 hadi 60. Koti hilo halishonwi siku moja. Sehemu yake hutoka korodanini. Sehemu kubwa huongezwa kwenye epididimisi, mrija mrefu uliojikunja nyuma ya korodani, ambako mbegu huvishwa protini kama CD52 na DEFB126 zilizosheheni minyororo ya sukari. Tabaka la mwisho huja na majimaji ya manii yenyewe. Kwenye ncha za minyororo mingi hukaa asidi ya sialiki, sukari yenye chaji hasi. Ndiyo inayozifanya mbegu zisukumane badala ya kugandana, inayosaidia kupenya ute wa mlango wa kizazi, na inayozificha zisitambuliwe haraka na kinga ya mwili wa mwanamke.

Lakini koti linalofaa safarini halifai mlangoni. Mwaka 1951, Min Chueh Chang akiwa Marekani na Colin Austin akiwa Australia waligundua, kila mmoja kwa njia yake, kwamba mbegu iliyotoka tu kwa dume haiwezi kulitungisha yai mpaka ikae kwa muda ndani ya njia ya uzazi ya jike. Mabadiliko hayo huitwa kapasitesheni. Kolesteroli hutolewa kwenye utando, kalsiamu huingia, mkia huanza kupiga kwa nguvu ya ajabu, na asidi ya sialiki hupunguzwa kwenye koti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionesha kwamba mbegu ya binadamu hubeba vimeng'enya vyake vya kuikata asidi hiyo, NEU1 na NEU3. Kwa maneno mengine, mbegu hujivua yenyewe.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa glaikodelini. Ni protini moja, ila mwili huivisha sukari za namna tofauti kulingana na mahali ilipotengenezwa. Ile ya kwenye majimaji ya manii, glaikodelini-S, huizuia mbegu isianze kapasitesheni mapema. Ile ya kwenye kizazi na mirija, glaikodelini-A, huizuia isishikamane na ganda la yai. Ile inayopatikana kwenye seli ndogo zinazolizunguka yai, glaikodelini-C, huisaidia ishikamane. Uti wa protini ni uleule, sukari ndiyo inayobadilisha amri. Nalo ganda la yai, zona pelusida, lina sukari yake ya kupokelea mgeni: mwaka 2011 watafiti waliitambua sialili-Lewisi-x kuwa ndiyo inayozishika mbegu za binadamu. Kwa hiyo asidi ya sialiki ambayo mbegu inapunguza mwilini mwake, ndiyo hiyohiyo inayoikuta langoni kwa yai.

Hatua ya 1: Mtu kabla ya chupa

Mweleze mtoaji kwa lugha anayoielewa kwamba sampuli yake inatumika kwa uchunguzi wa kitafiti, asaini ridhaa, na ajue kuwa anaweza kujitoa. Mpe chumba chenye faragha na kitasa kinachofunga. Kwetu lawama ya kukosa mtoto bado humwangukia mwanamke, na mwanamume anayekubali kupimwa amekwisha kushinda vita kubwa kabla hajakufikia. Usimwite kwa sauti korido nzima ikasikia.

Awe hajatoa manii kwa siku 2 hadi 7. Chombo kiwe safi, kisicho na sumu kwa mbegu, na sampuli ikae kwenye joto la nyuzi 37 za Selsiasi mpaka iyeyuke, kwa kawaida ndani ya dakika 30. Isipite saa moja kabla hujaanza kuiosha. Vaa glavu na uichukulie kila sampuli kama yenye virusi.

Pima pia vya kawaida: ujazo, idadi, mwendo, umbo na uhai. Toleo la 6 la mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO), la mwaka 2021, linaweka mipaka ya chini ya rejea kuwa mililita 1.4 za ujazo, mbegu milioni 16 kwa mililita, na asilimia 30 zinazoogelea kwenda mbele. Kwa zoezi la kwanza chagua sampuli iliyo juu ya mipaka hiyo. Jifunze uso wa kawaida kwanza.

Hatua ya 2: Ziondoe kwenye majimaji ya manii

Majimaji ya manii yana sukari nyingi za kwake, na yana vizuizi vya kapasitesheni. Njia rahisi ni kuziacha mbegu ziogelee zenyewe: weka mililita 1 ya manii kwenye tyubu, mimina taratibu juu yake mililita 1.2 za kimiminika cha kuoshea, inamisha tyubu kwa nyuzi 45, iache kwenye nyuzi joto 37 kwa saa moja, kisha uinyanyue polepole na kunyonya mililita 1 ya juu. Ongeza kimiminika, zungusha kwenye sentrifuji kwa nguvu ya g 300 hadi 500 kwa dakika 5, mwaga cha juu.

Angalizo moja hapa. Ukitumia kimiminika chenye bikaboneti na albumini tangu mwanzo, kapasitesheni inaanza wakati mbegu bado zinaogelea, na kile utakachokiita saa sifuri kitakuwa tayari saa ya kwanza. Osha kwa kimiminika kisicho na viwili hivyo.

Hatua ya 3: Makundi mawili, saa moja ya ukutani

Gawanya mbegu zilizooshwa mafungu mawili. Fungu la kwanza liweke kwenye kimiminika cha kapasitesheni: bikaboneti milimola 25 kwa lita, kalsiamu kama milimola 2, glukosi, na albumini ya binadamu, ndani ya inkubeta yenye joto 37 na kaboni dayoksaidi asilimia 5. Bikaboneti huwasha mitambo ya ndani ya seli, albumini hubeba kolesteroli kutoka kwenye utando. Fungu la pili liweke kwenye kimiminika kisicho na bikaboneti wala albumini, joto lilelile, muda uleule, ila kifuniko kikiwa kimekazwa.

Fungu la pili ndilo shahidi wako. Sukari ikipungua kwenye mafungu yote mawili kwa kiwango kimoja, ulichokiona ni uchakavu wa kusimama, au nguvu ya sentrifuji. Chota kutoka kila fungu saa sifuri, saa 1 na saa 3. Anayeweza aongeze saa 6.

Hatua ya 4: Zitie alama zilizokufa

Nikueleze yaliyonipata. Nilipokuwa najifunza kazi hii nilipata matokeo yaliyonikosesha usingizi kwa furaha: baada ya saa 3, mwanga wa lektini ya karanga ulikuwa umepanda mno. Nikachora grafu, nikaipeleka kwa mwalimu wangu. Akaitazama kwa muda, akauliza swali moja tu: "Hizi zilikuwa hai?" Sikuwa na jibu. Tulirudia pamoja, safari hii tukitumia rangi ya buluu inayotia alama wafu, na sehemu kubwa ya vile vichwa vilivyowaka kijani vilionekana pia vya buluu. Zilikuwa maiti. Utando ulikuwa umepasuka, lektini ikaingia ndani na kukamata sukari za akrosomu, kofia iliyo chini ya utando wa kichwa, ambazo hazikuwahi kuwa juu ya koti.

Kwa hiyo kabla ya kukausha chochote, yaani kuzituliza mbegu zilivyo kwa kemikali, weka rangi ya Hoechst 33258, mikrogramu 2 kwa mililita, dakika 10 gizani. Rangi hii haipenyi utando mzima kwa urahisi. Ikifika kwenye DNA, ujue mlango uko wazi. Osha vizuri iliyobaki, la sivyo itaingia kwenye seli zote mara tu utakapozikausha na kila kichwa kitakuwa buluu.

Hatua ya 5: Chagua: juu ya koti, au ndani ya kofia?

Akrosomu ni kofia ya vimeng'enya iliyokaa juu ya kichwa cha mbegu, chini ya utando. Inajaa sukari za manosi. Unavyozikausha mbegu ndivyo unavyoamua utaona nini.

Ukitaka kuona koti la nje, kausha kwa parafomaldehaidi asilimia 2 kwa dakika 20. Huiacha tando ikiwa imefungika kwa sehemu kubwa. Osha, tuliza mabaki kwa glaisini, kisha weka WGA yenye FITC, kuanzia mikrogramu 5 hadi 10 kwa mililita, dakika 15 hadi 30 gizani. Kuna wanaopaka lektini kwenye mbegu hai. Mimi siwashauri wanaoanza. Lektini moja ina mikono zaidi ya mmoja, na kama ilivyoshikamanisha chembe za damu za Stillmark, itashikamanisha mbegu zako vichwa kwa vichwa mpaka ushindwe kuzihesabu.

Ukitaka kujua kama akrosomu bado ipo au imekwisha kufunguka, kausha tone kwenye slaidi, lizamishe kwenye ethanoli asilimia 95 kwa dakika 30 ili tando zifunguke, kisha weka PSA yenye FITC, mikrogramu 25 kwa mililita, kwenye nyuzi joto 4 kwa saa moja au zaidi. Hii ndiyo njia iliyo kwenye mwongozo wa WHO.

PSA hukamata glukosi pia, si manosi tu, na kimiminika cha kapasitesheni kina glukosi. Usipoosha mara mbili kabla ya kuiweka, lektini itashiba glukosi iliyobaki na kichwa cha mbegu kitaonekana hafifu. Nimeona watu wakilaumu kichupa kumbe kosa ni la kimiminika.

Hatua ya 6: Slaidi za kukukosoa

Usiruke hatua hii hata ukibaki na tone moja. Kwa kila lektini tengeneza slaidi ambayo lektini imechanganywa kwanza na sukari yake kwa wingi: metili-manosidi kwa PSA, galaktosi kwa PNA, N-asetiliglukosamini kwa WGA, milimola 200 kwa lita au zaidi. Mikono ya lektini ikishajaa, mwanga unapaswa kufa au kushuka sana. Usiposhuka, unachokiona si sukari, ni rangi iliyonata ovyo.

Slaidi ya pili ni ya sialidesi, kimeng'enya kinachokata asidi ya sialiki. Kinachouzwa mara nyingi hutoka kwa bakteria, mmojawapo ni yule wa kipindupindu. Chukua mbegu za saa sifuri, zipe kimeng'enya hicho, kisha uzipake. WGA inapaswa kupungua. PNA inapaswa kuongezeka, kwa sababu galaktosi inayoitafuta mara nyingi imejificha chini ya asidi ya sialiki, kama mtu aliyevaa kofia. Ukiiona hiyo PNA ikipanda pale WGA inaposhuka, kwenye seli zisizo na buluu, una haki ya kutabasamu: unajua sasa jinsi uso uliovuliwa unavyofanana, na unaweza kuulinganisha na uso wa saa 3.

WGA peke yake haitoshi kusema "asidi ya sialiki imepungua", kwa kuwa inakamata sukari mbili. Anayeweza kumudu aongeze lektini za SNA na MAL-II, ambazo huchagua asidi ya sialiki kwa jinsi ilivyounganishwa na jirani yake.

Hatua ya 7: Kusoma

Zima taa ya chumba. Weka kichujio cha mwanga wa buluu, nanomita 450 hadi 490, na lenzi kubwa ya mafuta. Acha macho yazoee giza kwanza.

Kwenye slaidi ya PSA, mbegu yenye akrosomu nzima huonekana kama kijiko kidogo ambacho zaidi ya nusu ya bapa lake linang'aa kijani, sawasawa, bila mabaka. Iliyokwisha kufungua akrosomu huonekana namna mbili: ama ina mkanda mwembamba wa kijani unaopita katikati ya kichwa, kama mkanda kiunoni, ama sehemu ya akrosomu haina mwanga wowote. Utakutana na za katikati, zenye mabaka. Ziandike kwenye safu yake, usizilazimishe upande. Hesabu mbegu 200 kwa kila slaidi, rudia kwa slaidi pacha, na zile za buluu zihesabu kando.

Kwenye slaidi ya WGA mambo ni magumu zaidi, maana hapa swali si ndiyo au hapana bali ni kiasi. Koti hung'aa kichwani mpaka mkiani, na jicho la binadamu ni hakimu mbaya wa kiasi. Piga picha zote kwa muda uleule wa kamera na mwanga uleule, kisha pima ukali wa mwanga kwa programu, kichwa kimoja kimoja. Wenye mashine ya kuhesabu seli kwa leza watapata maelfu ya seli kwa dakika. FITC hufifia ukiikodolea macho, hivyo usikae kwenye uwanja mmoja ukishangaa. Piga picha, songa.

Mwenzako afiche lebo za slaidi kabla hujaanza. Ukijua ipi ni ya saa 3, macho yataona unachokitamani.

Hatua ya 8: Ziamshe

Mbegu zilizokaa saa 3 kwenye kimiminika cha kapasitesheni zigawe tena. Nusu moja ipe ionofora ya kalsiamu A23187, kemikali inayoingiza kalsiamu ndani ya seli ili akrosomu ifunguke, mikromola 10 kwa lita, dakika 15. Nusu nyingine ipe kiyeyushio chake tu, DMSO. Kausha kwa ethanoli, paka PSA, hesabu zilizofungua akrosomu. Tofauti ya asilimia 15 hadi 30 kati ya nusu hizo ndiyo ya kawaida kwa mujibu wa WHO, na chini ya 10 si kawaida. Ikiwa nusu isiyopewa ionofora tayari imevuka asilimia 15, mbegu zimefungua kofia zao mapema, kabla ya kukutana na yai.

Kuandika majibu

Andika asilimia za walio hai pekee, idadi uliyohesabu, namba ya toleo la kila kichupa cha lektini, na matokeo ya slaidi za kukosoa kwenye jedwali lilelile. Usimpe mtoaji karatasi inayosema ana "upungufu wa sukari". Hiki bado si kipimo cha kumwambia mtu atazaa au hatazaa.

Akikuuliza basi kina faida gani, mweleze habari ya DEFB126, ile protini ya epididimisi. Mwaka 2011 ilibainika kwamba kuna wanaume wengi duniani waliorithi jeni yake ikiwa imepungukiwa herufi mbili. Wenye nakala mbili za namna hiyo, mbegu zao zilionekana salama kwa idadi, mwendo na umbo, lakini zilipata shida kupita kwenye jeli iliyotengenezwa kufanana na ute wa mlango wa kizazi, na wake zao walichukua muda mrefu zaidi kushika mimba. Koti lao lilikuwa jembamba, na lektini iliyolifichua ilikuwa ile ya uyoga mweupe. Karatasi yao ya majibu ya kawaida ingesomeka "hakuna tatizo".

Vifaa vilivyogusa manii vilowekwe kwenye dawa ya klorini kabla ya kutupwa. Slaidi zihifadhi kwenye boksi lililofungwa, nyuzi joto 4, gizani, na uzisome tena kesho yake bila kutazama hesabu za leo.